Nilisaini kibali cha kuchomelea huku kitambua gesi kimewekwa baipasi

Shikamoo Mzee,

Nina miaka 31 na ninafanya kazi kwenye jukwaa la mafuta na gesi baharini, siku 28 kazini na siku 28 nyumbani. Mimi ni mlinzi wa moto. Fundi akichomelea au akitumia grinda, mimi nasimama karibu yake na mpira wa maji na kizimamoto, naangalia cheche zinaangukia wapi. Huu ni mwaka wangu wa tatu.

Siku 5 kabla ya zamu iliyopita kwisha, tulipangiwa kuchomelea usiku vishikizo vya bomba, ngazi moja juu ya kompresa za gesi. Kitambua gesi cha ukutani kilicho karibu na pale kilikuwa kimewekwa baipasi, yaani kimezuiwa kisipige king'ora, tangu juzi yake. Kilikuwa kinalia mara kwa mara bila mtu yeyote kuona gesi, na watu walishachoka kukatizwa kazi na usingizi. Hilo nililisikia kwa fundi wa vifaa wakati tunakula. Kwenye kibali changu halikuandikwa. Na kipimo cha gesi kilichojazwa kwenye kibali kilikuwa cha saa 1 asubuhi, wakati sisi tulikuwa tunaanza kazi saa 3 usiku.

Nikamuuliza supavaiza kama tusipime upya. Kipima gesi cha mkononi kilikuwa na mtu aliye upande wa pili wa jukwaa. Akanijibu, "Asubuhi kilisoma sifuri, na hakuna kilichobadilika. Saini, watu wanakusubiri wewe." Nikasaini.

Hakuna kilichotokea. Tulimaliza saa 6 na nusu usiku, nikabaki pale kidogo kuangalia, tukakunja mpira tukaenda kulala. Mimi sikulala. Tangu usiku ule kila nikilala kitandani nasikiliza. Mlango ukipigwa na upepo nakaa. Hata nyumbani naamka saa 9 usiku najiuliza, je, ingekuwaje kama gesi ilikuwepo na mimi ndiye niliyeandika jina langu pale chini?

Mwenzangu wa chumba ana miaka 14 baharini. Nilipomweleza alicheka, akasema mwoga hafai baharini, nitafute kazi ya nchi kavu. Labda ana haki. Mimi nimeajiriwa na mkandarasi, mkataba unaangaliwa upya kila miezi 6, na tunawajua wenye maneno mengi ambao hawakuitwa tena. Mke wangu anaona sina usingizi, nimemwambia ni uchovu tu.

Narudi baharini baada ya siku 9. Naomba unijibu mambo mawili. Hofu hii ina msingi, au ni moyo wangu umeanza kunyong'onyea? Na kama ina msingi, nikiletewa tena kibali kama kile nifanye nini?

Mlinzi wa moto

*

Marahaba, mwanangu.

Hofu yako ina msingi. Nakujibu hivyo mapema ili usisome barua hii yote ukiwa umeshika pumzi. Nilifanya kazi baharini miaka 22, na 9 ya mwisho nilikuwa natoa vibali, kwa hiyo karatasi unayoieleza naijua mbele na nyuma. Ungeniletea ile ya usiku ule nisingeitia saini.

Supavaiza alikuambia hakuna kilichobadilika. Kati ya saa 1 asubuhi na saa 3 usiku kuna saa 14. Katikati yake zamu ilibadilishana. Upepo unaweza kuwa uligeuka. Mtu anaweza kuwa alichukua sampuli mahali fulani, akafungua valvu ya kumwagia maji, akabadilisha kompresa moja na kuwasha nyingine. Mambo haya hufanyika kila siku na hakuna anayeyaita mabadiliko, kwa sababu kwa kila anayeyafanya ni kazi ya kawaida. Anayeweza kusema kwa uhakika kwamba hakuna kilichobadilika ni aliyepima sasa hivi. Mwingine yeyote anakisia, hata akikisia kwa sauti ya mkubwa.

Na kukisia kwenye gesi ni jambo baya sana. Methani inawaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Chini ya hapo ni nyembamba mno, juu ya hapo hewa haitoshi. Mtu anaweza kuona asilimia 5 ni nyingi, lakini gasketi iliyochoka, kile kizibio cha maungio ya bomba, kwenye mstari wenye presha kubwa inaijaza kona isiyo na upepo kwa muda mfupi kuliko unavyotumia kuvaa glovu. Kumbuka pia kwamba kipima gesi cha mkononi hakikuonyeshi asilimia ya gesi hewani. Kinaonyesha umefika wapi katika safari ya kuelekea kile kiwango cha chini cha kuwaka. Kikisoma 10, yaani asilimia 10 ya safari hiyo, methani hewani ni nusu asilimia. Watu wengi niliofanya nao kazi hawakulijua hilo mpaka nilipowakalisha chini, na walikuwa wanabeba kifaa hicho kila siku.

Sasa kuhusu kilichokunyima usingizi, yaani ile baipasi. Nataka nikusimulie mambo mawili yaliyotokea kweli, usikie mahali yanapofanana na usiku wako.

Tarehe 6 Julai 1988, jukwaa la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini. Palikuwa na pampu mbili za kusukuma kondenseti, yale mafuta mepesi yanayotoka kwenye gesi. Valvu ya usalama ya pampu A ilikuwa imetolewa kwenda kukaguliwa, na pale ilipotoka pakafunikwa kwa bamba la flenji, yaani la kuziba maungio ya bomba. Kazi haikuisha jioni ile. Kulikuwa na kibali cha valvu, na kibali kingine cha matengenezo ya pampu yenyewe ambayo yalikuwa hayajaanza. Zamu ya usiku iliijua habari ya pampu. Habari ya valvu haikuwafikia. Karibu saa 3 na dakika 45 usiku pampu B ilizima ikakataa kuwaka, nao wakaamua kuirudisha pampu A, ambayo kwa ufahamu wao ilikuwa nzima. Lile bamba lilikuwa juu, mtu aliyesimama kwenye pampu halioni. Uchunguzi ulioongozwa na jaji wa Uskoti, Lord Cullen, ulihitimisha kwamba kondenseti ilivujia pale, na ilipofika saa 4 usiku ikalipuka. Kuta za kutenganisha zilijengwa kuhimili moto, hazikujengwa kuhimili mlipuko. Majukwaa jirani yaliendelea kusukuma mafuta kuelekea kwenye mabomba yale yale. Watu 226 walikuwa ndani, 61 wakatoka hai. Ukiongeza waokoaji 2 wa boti iliyokwenda kuwachukua, waliokufa ni 167.

Jambo ambalo nakuomba uliangalie ni pampu za maji ya kuzimia moto. Zilikuwa zimeondolewa kwenye kujiwasha zenyewe na kuwekwa ziwashwe kwa mkono, kwa sababu kulikuwa na wapiga mbizi chini na hawakutaka pampu ziwavute. Ni sababu ya utu kabisa. Mlipuko ulipotokea, waliojaribu kwenda kuziwasha hawakuweza kuzifikia.

La pili ni Deepwater Horizon, Ghuba ya Meksiko, tarehe 20 Aprili 2010. Kisima kilitapika gesi, ikaenea juu ya jukwaa, ikavutwa hata na injini za dizeli. Waliuawa watu 11 kati ya 126. Baadaye fundi mkuu wa elektroniki aliwaeleza wachunguzi kwamba king'ora cha jumla kilikuwa kimezuiwa kujilia chenyewe, ili watu wasiamshwe saa 9 usiku na kengele za uongo. Hiyo pia ni sababu unayoielewa. Nani hataki watu wake walale?

Mwanangu, katika miaka yangu yote sikukutana na baipasi isiyo na sababu nzuri. Kile kitambua gesi chenu nacho kilikuwa na sababu nzuri. Ubaya unaingia pale sababu inapobaki kichwani mwa aliyeweka baipasi, na anayekuja na mashine ya kuchomelea siku ya pili yake hana habari. Wewe ulijulia kwenye meza ya chakula. Ungekula saa moja baadaye usingejua kabisa. Hilo lilinifanya niache chai yangu ipoe nilipokuwa nasoma barua yako.

Na hizo kengele mlizoziita za uongo, ni nani aliyethibitisha kuwa ni za uongo? Mvuke au ukungu wa mafuta ukituama kwenye kioo cha kitambua gesi, kinaweza kuchanganyikiwa kweli. Vile vya aina ya kichocheo, vinavyopima gesi kwa kuiunguza ndani yao, huharibiwa na silikoni, lakini hivyo huharibika kwa kunyamaza, vinasoma sifuri mbele ya gesi. Kinachopiga kelele kwa dakika mbili kikanyamaza, kisha kikarudia upepo ukigeuka, kinaweza kuwa kinasema kweli kuhusu uvujaji mdogo ambao bado hauna mahali pa kujikusanya. Kabla ya kukiita mwongo, mtu aende pale na kipimo cha mkononi kilichojaribiwa siku hiyo kwa gesi ya majaribio, apime kwenye flenji moja moja, na asimame pale wakati kinalia.

Niliwahi kusimamisha grinda kwa sababu ya harufu tu. Kipimo kilisoma sifuri mara mbili, na wenzangu wakanikodolea macho kama wa kwako. Tulikuwa tumepima usawa wa kifua. Nilipoinama nikakiweka usawa wa magoti, karibu na mfereji wa maji machafu, kikaanza kulia. Methani ni nyepesi, inapanda. Lakini propani na mvuke wa kondenseti ni nzito, zinatambaa sakafuni na kulala kwenye mifereji. Kifuniko cha mfereji kilikuwa hakijakaa sawa. Tangu siku ile nikawa siandiki "sifuri" bila kuandika nimepima wapi, juu na chini. Na harufu yenyewe usiitegemee hata kidogo. Haidrojeni salfaidi inanuka kama yai viza ikiwa kidogo, ikizidi inaua pua yako kwanza, unadhani imeondoka kumbe imekuzunguka.

Uliuliza ufanye nini ukiletewa kibali kama kile. Baki pale pale, ongea taratibu, na taja vitu. Ukisema "mimi naogopa," mazungumzo yanakuwa juu yako. Ukisema "kitambua gesi namba fulani kiko baipasi na kipimo kwenye kibali ni cha saa 1 asubuhi, naomba tupime upya na chumba cha udhibiti waandike hapa kwamba wanajua," mazungumzo yanakuwa juu ya kitambua gesi na kipimo, na hapo supavaiza hana pa kukushika. Jizoeze kuyasema hayo nyumbani kwa sauti. Najua inaonekana kitu cha kitoto. Ulimi usiozoea neno hulimeza mbele ya mkubwa, nimeona wanaume wazima wakilimeza.

Kisha piga simu chumba cha udhibiti wewe mwenyewe kabla ya cheche ya kwanza. Waulize swali moja: hapa nilipo, kuna kitu chochote kimezimwa, kimefunguliwa au kimewekwa baipasi? Wao wana daftari la baipasi, au wanapaswa kuwa nalo, na kila iliyomo inatakiwa iwe na mwenyewe, saa ya kuisha, na kinachoshika nafasi yake. Kwa maoni yangu, kitambua gesi kikiwa baipasi, kazi ya moto kwenye eneo lake isifanyike. Kuna majukwaa yanayoruhusu ikiwa mtu amekaa pale na kipima gesi kinachosoma mfululizo. Hilo naweza kuishi nalo kama mtu huyo hana kazi nyingine. Kuchomelea juu ya kompresa za gesi bila kimoja wala kingine, hapana.

Kazi yako yenyewe unaifahamu, sitakufundisha. Nitagusa mambo mawili tu ninayoona yanasahaulika. Sakafu za wavu zinapitisha cheche hadi ngazi ya chini, na wewe ulikuwa juu ya kompresa, kwa hiyo palihitajika blanketi la moto chini ya kazi na mtu wa pili ngazi ya chini. Halafu ile "nikabaki pale kidogo" uliyoandika, ilikuwa dakika ngapi? Kanuni nyingi zilikuwa zinataka dakika 30, na siku hizi baadhi zimepanda hadi 60, kwa sababu cheche iliyoingia kwenye tambara hutafuna polepole. Pima kwa saa yako.

Kuhusu kupoteza mkataba, sitakudanganya. Wapo wasimamizi wenye kinyongo, na mtu wa mkandarasi yuko karibu zaidi na mlango wa kutokea kuliko mwajiriwa wa kampuni yenyewe. Lakini huendi mikono mitupu. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi kwa sababu ya msingi ya kuamini kuna hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake alindwe asiadhibiwe. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa kati ya ile ya msingi ya shirika hilo. Na kampuni nyingi za baharini zimejiandikia zenyewe haki ya kila mtu kusimamisha kazi isiyo salama, imebandikwa ukutani, labda hata kwenye kadi unayovaa shingoni. Isome kadi hiyo kabla ya siku 9 kwisha. Mtafute pia mwakilishi wa usalama wa wafanyakazi kwenye jukwaa lenu, ujue jina lake na chumba chake kabla ya kumhitaji.

Leo hii, ukimaliza kusoma, andika usiku ule ulivyokuwa. Tarehe, saa, namba ya kibali kama unaikumbuka, kitambua gesi kipi, nani alisema nini. Andika na kwamba ulisaini, usijifiche. Ukifika, mpe mwakilishi au meneja wa jukwaa kama tukio ambalo nusura litokee. Mtu akikuuliza kwa nini hukusema usiku ule, mwambie ukweli kwamba ulishindwa, na hutaki mwingine ashindwe.

Usijihukumu kupita hapo. Uliuliza swali sahihi mbele ya watu waliokuwa wanakusubiri. Ulirudi nyuma hatua moja mapema, basi. Huyo mwenzako wa miaka 14 nadhani anakucheka kwa sababu naye alishasaini vibali vya namna ile vingi, na kukusikiliza kungemlazimu avihesabu.

Sasa usingizi. Ukisharudi, siku ya kwanza kabla hujachoka, tembea kutoka kitandani kwako hadi mahali pa kukusanyika kwa njia mbili tofauti, kisha rudia ukiwa umefumba macho, mkono ukutani, ukihesabu milango. Moshi unakuja kabla ya moto, na taa zinaweza kuzima. Weka barakoa ya moshi na tochi mahali mkono unapofika ukiwa umelala. Piper Alpha, wengi walikufia kwenye malazi kwa moshi, wakisubiri maelekezo na helikopta ambazo zisingeweza kutua. Kati ya waliopona wamo waliotafuta wenyewe njia ya kushuka baharini. Kwa hiyo jua pia boti yako ni ipi, na ukikuta njia yake imezibwa, ngazi au kamba ya kushukia iko wapi. Nilikuwa nafanya hivi kila zamu hadi mwaka wangu wa mwisho, na baada ya kufanya nilikuwa nalala. Ukifanya yote hayo na wiki mbili baadaye bado unaamka saa 9, muone mganga wa jukwaa, kwa sababu mlinzi wa moto asiyelala ni hatari kwa fundi wake.

Na mke wako mwambie. Anajua tayari kwamba siyo uchovu. Mpe barua yako uliyoniandikia mimi, aisome, halafu mjadiliane mkiwa na siku hizi 9.

Ukimaliza zamu hii niandikie tena. Nataka kujua walipokwenda kupima kwenye zile flenji walikuta nini, na kama kitambua gesi kile kimerudishwa kazini.